Picha za Efeso

Picha ya kwanza iliingia Bakiri akiwa bado na udongo wa kaburi la kaka yake kwenye kucha. Simu ilitetemeka mfukoni, na wala haikuwa simu yake. Ilikuwa ya marehemu, aliyokabidhiwa asubuhi hospitalini pamoja na kanzu, tasbihi na miwani, vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Watu walikuwa wamekwisha kuitikia dua ya mwisho na sasa walikuwa wanakung'uta nguo zao. Bakiri akajitenga kidogo, akatazama. Shemeji yake Samira alikuwa amejifunga mtandio wa manjano, miwani ya jua usoni, meno yote nje, nyuma yake ukuta mrefu wa marumaru wenye nguzo na masanamu ya wanawake wa mawe. Chini ameandika: "Niko Efeso! Mji wa Wayunani wa kale. Ona mume wangu, hii ilikuwa maktaba!"

Mwanamke huyo alikuwa mjane tangu alfajiri, na hakuna aliyemwambia.

Kabla mtu hajaanza kulaumu, aelewe kwanza. Watu wa Tanga walioko Johannesburg, kama watu wa Tanga popote walipo, hawampi mtu habari ya kifo akiwa safarini peke yake. Anangojwa arudi, akae kitako, ashikwe mikono miwili, ndipo aambiwe. Na aliyetoa amri hiyo asubuhi ile, kabla hata sanda haijakatwa, ni Bi Mwatumu, mtu mzima wa Fordsburg ambaye kila mtoto wa Tanga katika mji huu anamwita mama, atake asitake.

"Ndege yake Ijumaa," alisema Bi Mwatumu. "Leo Jumatano. Akiambiwa leo atafanya nini? Atapiga ukelele kwenye hoteli ya watu, nani wa kumshika? Na sisi maiti hatumlazi kumngoja mtu. Kwa hiyo nyamazeni. Na nyie wenye ugonjwa wa kubandika rambirambi kwenye simu, nitakayemwona ataniona."

Wakanyamaza wote. Bi Mwatumu habishiwi, hata na imamu.

Samira alikuwa na duka dogo la nguo Marshalltown, magauni na mitandio ya Uturuki, na mara tatu kwa mwaka alikwenda mwenyewe kuchukua mzigo. Safari hii wenzake wawili wa biashara walimshawishi wakimaliza kununua wabaki siku tatu, wapande basi la watalii wakatembelee magofu. Katika miaka kumi na minane ya kuvuka mipaka na mabunda kichwani hakuwahi hata siku moja kwenda mahali kwa kutazama tu. Akataka. Karimu, mumewe, hakutaka.

"Mawe ya kutazama yako magofuni Tongoni, kwetu Tanga," alisema Karimu. "Ulikuwa unaishi karibu nayo na hukuyatazama. Leo unayafuata Uturuki?"

Karimu alikuwa anaumwa sukari mwaka wa sita. Ilikuwa imemla macho mpaka haoni maandishi ya simu, na sasa ilikuwa imehamia kwenye figo. Mtu mgonjwa hupenda watu wake wawe karibu, hilo halihitaji kuelezwa. Lakini Samira alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka ulimi wake hauna breki. Akiwa amesimama mlangoni na sanduku lake, mbele ya Bakiri, akamwambia mumewe: "Nimechoka kuuguza mtu asiyepona." Kisha akashuka ngazi. Hakumpa mkono, hakumwomba radhi kama mke anavyoomba anapotoka. Karimu alikaa pale pale kitandani, ameuelekeza uso wake mlangoni mpaka chai ikapoa.

Yeye naye akalipiza kwa namna yake. Samira akipiga simu hapokei, akituma sauti hajibu kwa sauti. Bakiri ndiye aliyekuwa akimsomea na kumwandikia ujumbe wake wote, kwa miaka miwili sasa, kila akirudi kutoka Midrand ambako aliendesha foklifti kwenye ghala. Wiki ile alichoambiwa aandike kilikuwa kifupi: "Niko sawa." "Duka liko sawa." Hata alipolazwa siku ya Jumatatu, Karimu alimwambia aandike, "Niko sawa."

Jumanne saa ya kutazama wagonjwa, Bakiri alimkuta kaka yake amevimba miguu, anahema juu juu. Karimu alimshika mkono.

"Samira," alisema. "Mimi sina kinyongo naye. Alichosema ni kweli, nani asiyechoka? Nimemwia radhi, dunia na akhera."

"Nimwandikie?" Bakiri akauliza, simu tayari mkononi.

"Usiandike. Mambo kama haya hayaandikwi. Nikipata nguvu kesho nitampigia, ayasikie kwa mdomo wangu."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri hospitali ikapiga simu.

Sasa rudini makaburini. Bakiri aliirudisha simu mfukoni, akarudi Fordsburg na wenzake. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa kisomo, kwa hiyo akaketi peke yake ndani ya gari la jirani lililokuwa limeegeshwa chini. Simu haikumpa nafasi. Ikaja picha ya barabara ya marumaru inayoteremka bondeni. Ikaja picha ya paka amelala juu ya kichwa cha nguzo iliyoanguka. Ikaja sauti ya Samira, anacheka, upepo unavuma nyuma yake:

"Bwana wee, nimeona vyoo vyao! Jiwe moja refu limetobolewa matundu, safu nzima, watu walikuwa wanakaa bega kwa bega wanapiga soga. Hamna hata ukuta katikati! Ningekuwa na wewe ungecheka mpaka ukohoe. Na anayetutembeza anasema bahari ilikuwa inafika hapa hapa, meli zilifunga mwisho wa barabara hii. Mchanga ukaja kidogo kidogo, bahari ikasogea, hata huioni sasa. Mji ukakosa kazi, watu wakahama. Tongoni tupu, mume wangu, ila kubwa."

Bakiri alisikiliza mara mbili. Alitaka kulia na alishindwa, maana sauti yenyewe ilikuwa na furaha mno, na furaha ile ilimkera na kumtia huruma kwa pamoja. Juu ghorofani wanawake walikuwa wanasoma Yasini ya mtu anayeambiwa habari za vyoo.

Saa tisa na nusu ikaja sauti nyingine. Hii haikuwa na kicheko.

"Karimu. Wenzangu wameshuka kununua maji, mimi nimebaki juu huku. Ni uwanja wa michezo yao, wamechonga ngazi kwenye mlima mzima. Wanasema watu elfu ishirini na tano walikuwa wanakaa hapa. Nimekaa mahali pao, nikatazama, hakuna hata mmoja. Hata jina la mmoja silijui. Nimepata huzuni sijui imetoka wapi. Nikajiuliza, hivi mimi nilimwambia nini mume wangu? Nimetoka nyumbani bila radhi yako, Karimu. Nimeizunguka nchi ya watu siku tisa sina radhi. Niwie radhi. Neno moja tu. Kama hutaki kuongea na mimi, mwambie Bakiri aandike."

Eish, Bakiri alisema peke yake ndani ya gari.

Angeweza kumwambia ukweli, amvunje miguu juu ya mlima wa mawe, mbali na mtu yeyote wa kumshika. Angeweza kunyamaza kama alivyoamriwa, naye Samira akae na dhambi yake mpaka Jumamosi. Au angeweza kumpa alichoomba, kwa kuwa kilikuwepo. Karimu alikisema. Bakiri alikisikia kwa masikio yake. Alijiambia: mimi ndiye niliyekuwa mkono wake miaka miwili, leo kuna tofauti gani? Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imefukiwa saa mbili zilizopita.

Akaandika: "Sina kinyongo nawe. Ulichosema ni kweli, nani asiyechoka? Nimekuwia radhi, dunia na akhera." Kidole kikasita. Kisha akaongeza lake mwenyewe: "Tembea, uone, ufurahi." Akatuma.

Jibu lilikuja kama mtu aliyekuwa amezuiwa pumzi. Samira analia, anacheka, anasema alhamdulillahi, halafu analia tena. Bakiri alihisi amefanya jambo jema. Alipanda ngazi kwenda kula ubwabwa wa msiba, na kwa mara ya kwanza siku ile chakula kilipita kooni.

Alhamisi picha hazikukatika. Samira ana aiskrimu. Samira amekaa kwenye nguzo, amepaka wanja, kucha nyekundu. Samira amevaa shada la majani kichwani kama malkia wa Wayunani, na wenzake wanampigia makofi. Amemnunulia mumewe soksi laini za miguu yenye sukari, jozi sita. Bakiri aliziangalia picha hizo na ile raha ya jana ikaanza kumtoka. Mjane wa siku ya pili hapaki wanja, hajipambi, hatoki nje. Hilo halikuwa kosa la Samira, hakujua. Lakini ni yeye Bakiri aliyemwambia atembee, aone, afurahi, tena kwa jina la maiti. Hakumwambia mtu.

Ndege ilitua Jumamosi asubuhi. Bi Mwatumu na Bakiri walikwenda kumpokea. Samira alitoka anasukuma masanduku matatu, akatafuta nyuma yao.

"Hakuja?"

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema Bi Mwatumu.

Ndani ya gari aliongea bila kupumua. Marumaru, paka, mwanamke mmoja wa Kijerumani aliyeteleza akaangukia mgongo. Kwenye robot ya mwisho kabla ya Fordsburg taa za barabarani zilikuwa nyekundu, naye akanyamaza ghafla, akamtazama Bi Mwatumu, akamtazama Bakiri kwenye kioo. Walipofika mlangoni akaviona viatu vya wanawake, jozi thelathini au arobaini, vimejaa mpaka kwenye ngazi. Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kumshika mikono miwili.

Ukelele wake ulisikika mpaka kwenye maduka ya chini.

Ilikuwa baada ya alasiri alipoanza kuuliza maswali. Wanawake walikuwa wamemvua vipuli, wamemfuta kucha, wamemvisha nguo nyeupe na kumkalisha chumbani nyuma ya pazia, maana alikuwa ndani ya eda. Bakiri, aliyekuwa sebuleni anapanga mikeka, aliyasikia yote.

"Lini?"

"Jumatano, alfajiri," Bi Mwatumu alijibu.

"Jumatano ipi?"

"Hii iliyopita, mwanangu. Akazikwa saa saba, baada ya adhuhuri."

"Nipeni simu yangu."

Bakiri alijua anatafuta nini ndani yake, na alijua atakipata.

"Bakiri," sauti ya Samira ikaita. "Sogea."

Bakiri akasogea mpaka kwenye pazia.

"Saa tisa na dakika arobaini," Samira alisoma. "Jumatano. Nani alinisamehe, shemeji?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza nani."

"Mimi niliandika," alisema Bakiri. "Lakini maneno ni yake. Aliyasema Jumanne, wodini, amenishika mkono. Nimemwia radhi, dunia na akhera. Hivyo hivyo."

"Jumanne?"

"Jumanne."

"Na simu ulikuwa nayo Jumanne?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukuniandikia?"

"Alinikataza. Alisema atakupigia mwenyewe, usikie kwa mdomo wake."

"Ah," alisema Samira. Ilikuwa "ah" ya dukani, anayoitoa mteja akimwambia nitarudi kesho kununua.

"Nani alikutuma uandike?" Bi Mwatumu akafoka. "Mimi nilisema mnyamaze. Nilisema mwandike?"

"Mwache, mama," alisema Samira.

"Wallahi, shemeji," Bakiri akaanza, "haki ya Mungu..."

"Usiape." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Ukiapa nami nisikuamini, tutakosa wawili. Jumatano ulinihurumia, ukaandika. Leo umeniona nilivyo, unanihurumia zaidi. Najua moyo wako, wala sikuchukii. Ila usinipe tena kitu cha Karimu. Mimi kwake nina neno moja tu, nililomwambia pale mlangoni, na hilo ulilisikia na wewe."

"Aliyasema, Samira. Kila neno."

"Ni maneno mazuri, shemeji. Natamani yangekuwa yake."

Mkono wa Bi Mwatumu ukatokea, ukalivuta pazia mpaka ukutani pasibaki nafasi. Bakiri alisimama pale, mkeka mmoja bado kwapani. Ushahidi pekee aliokuwa nao ulikuwa masikio yake mwenyewe, na sasa hayakuwa na thamani kwa mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Upande wa pili Samira alianza kulia tena, taratibu, kilio cha mtu anayejua kitachukua muda.