Bango la Bibi Tokiwa

Kuwahara aligeuza kompyuta yake ili tuione, na kamati nzima ikatoa sauti moja: “Aaah!” Kama watoto walioonyeshwa samaki wa dhahabu. Mimi sikusema aah. Nilitazama vipeperushi vyangu mezani. Bi Sonoda, mwenyekiti wetu, alikuwa amekalisha kikombe chake cha chai juu ya kimoja.

Vipeperushi vya mtaa huu wa kilimani naviandika mimi tangu enzi za karatasi ya nta, ulipokuwa unakwaruza herufi kwa sindano ya chuma na kupitisha wino kwa rola. Kiwanda cha meli kilipotufukuza, maneno yaliyosomwa langoni yalikuwa yangu. Walipotaka kufunga shule, yangu. Nawakumbuka wote waliosimama nami, na wale waliopita mlango wa nyuma kwenda kazini nawakumbuka zaidi. Sasa mji unataka kufunga zahanati yetu, wazee washuke ngazi zote zile za mawe wakapande treni ili kupimwa presha, na anakuja Kuwahara.

Huyu Kuwahara amestaafu kutoka kampuni ya matangazo Tokyo, akahamia hapa kwa ajili ya hewa ya bahari. Miaka yangu na yake ni sawa, ila yeye ana nywele. Wakati tunafukuzwa, kuta zote zilikuwa na mabango ya mfanyakazi wa meli anayetabasamu. Nilimuuliza kama ni kazi ya kampuni yake. Akasema yeye alikuwa idara ya sabuni. Idara ya sabuni! Mtu anajibu hivyo huku anakumiminia bia, utamfanya nini?

“Mnaonaje?” aliuliza Kuwahara. Kwenye skrini, zahanati yetu chakavu ilikuwa inang’aa chini ya anga ambalo mimi sijawahi kuliona hapa.

“Anga hilo ni la wapi?” nikasema.

“La hapahapa, Bwana Onizuka. Nimelichangamsha kidogo.”

“Yaani umelidanganya.”

“Jamani, Onizuka,” akasema Bi Sonoda, “hebu tumalize. Mkutano na maafisa wa mji ni Jumamosi. Tunataka bango kubwa lenye picha ya Bibi Tokiwa, mkongwe wa mtaa wetu. Kuwahara atatengeneza.”

“Nitatengeneza mimi,” nikasema.

Mtu mmoja akakohoa, nami najua kile hakikuwa kikohozi.

“Kwa kutumia nini, mkasi na gundi?” akauliza Bi Sonoda.

“Kwa kompyuta.”

Bi Sonoda akainua kikombe chake. “Haya. Likiwa zuri, kazi ya uchapaji inabaki kwako kama zamani. Likiwa baya, Onizuka, kuanzia hapo kila kitu anashika Kuwahara, na sitaki kusikia manung’uniko. Tumeelewana?”

“Tumeelewana.”

“Nikikufaa popote niite,” akasema Kuwahara, na ubaya wake ni kwamba alimaanisha.

Ukumbi wa mtaa una darasa la bure la kuhariri picha. Mwalimu ni binti mwenye miwani mikubwa anayesema taratibu kama anaongea na farasi mgonjwa. Kipanya kilikuwa kinanikimbia mkononi. Nikitaka kushika, naburuta. Nikitaka kukuza, napoteza.

“Babu, fikiria vioo vilivyopangana,” alisema. “Kila kioo ni tabaka. Bibi yuko kwenye kioo hiki, maneno yako kwenye kile. Kabla hujagusa kitu, angalia kwanza umesimama kwenye tabaka lipi.”

Sikuangalia. Nilikaa na brashi nikiondoa ukuta ulio nyuma ya bibi pichani, nikajipongeza kwa utulivu wa mkono wangu, kumbe nilikuwa nafuta sikio la Bibi Tokiwa.

“Tengua, babu. Kuna kitufe cha kutengua.”

Kitufe hicho sikukipenda. Kinawafundisha watu uzembe. Lakini nilikibonyeza mpaka sikio likarudi.

Nirudie picha yenyewe. Bibi Tokiwa alipigwa picha hiyo siku ya kusherehekea miaka yake themanini na minane, amevaa kimono cha rangi ya majivu, kola imekunjiwa kifuani, uso umeinuliwa, macho makali ya mtu aliyeuza tofu ya soya sokoni maisha yake yote na hakuibiwa hata kipande. Kuondoa ukuta kuzunguka nywele zake kulinimaliza. Unywele mmojammoja! Nilipokuwa nahema pale, akili yangu ilikuwa mahali pamoja tu: Kuwahara angezikata nywele hizi huku anakunywa kahawa.

Alhamisi nikaona kasoro. Kichwa cha bango, “Zahanati yetu isifungwe”, kilikuwa upande wa kulia kikishuka wima toka juu, herufi chini ya herufi, na Bibi Tokiwa alikuwa anatazama kushoto kama aliyechoshwa nacho. Nikapekua menyu. Nikakuta amri ya kugeuza picha, kulia iwe kushoto. Nikabonyeza. Bibi akageuka, akayatazama maneno yangu uso kwa uso. Nilisisimka, sikatai. Niliona Kuwahara mwenyewe asingefikiria hilo.

Na hapohapo nani anaingia ukumbini?

“Bwana Onizuka! Naweza kuchungulia kabla hujachapa? Jicho la pili husaidia.”

Nikafunika skrini kwa mgongo. “Jicho lako libaki na sabuni.”

Akacheka, akainua mikono, akaondoka.

Nilichapa kwenye mashine ya ukumbi, na asubuhi iliyofuata, mapema, nikapanda na kushuka ngazi nikibandika: mlango wa zahanati, ukuta wa bafu la umma, duka la mchele, kila kona. Nikasimama chini nikatazama juu. Bibi Tokiwa kila mahali. Moyoni nilikuwa nishaanza kupanga uso nitakaomwonyesha Kuwahara.

Kisha nikasikia mkongojo.

Bibi Tokiwa mwenyewe alikuwa anashuka. Akasimama mbele ya bango. Akalitazama sana.

“Wewe Onizuka.”

“Naam, bibi.”

“Mimi nimekufa lini?”

“Bibi?”

“Nakuuliza. Maana naona nimeshaoshwa na kuvishwa, na mimi mwenyewe sina habari. Hata harufu ya udi sijaisikia.”

Nikatazama. Ndipo nikaona. Kimono. Kwa aliye hai, upande wa kushoto wa kola hukunjwa juu ya ule wa kulia. Wa kulia ukija juu, huyo ni maiti anayesubiri jeneza. Mtoto wa chekechea anajua. Nilipoigeuza picha niliyageuza macho yake na kola yake pamoja, nami nilikuwa natazama macho tu.

“Mama yako nilimvisha kwa mikono hii,” akasema bibi, “na wewe ulisimama palepale unalia makamasi mpaka midomoni. Hukuona kola inakwendaje?”

“Nitayabandua, bibi. Sasa hivi nayabandua yote.”

“Kimbia basi! Wenzangu wakiamka watakuja na maua.”

Nilikuwa nimeshika pembe ya karatasi wakati Kuwahara alipotokea kutoka chini, ameshika mkate wake wa asubuhi. Alisimama. Alitazama bango, akamtazama bibi, akanitazama mimi. Nilijiandaa. Nilitaka acheke. Angecheka ningempiga, na mambo yangekuwa rahisi.

“Usilibandue,” akasema.

“Unanidhihaki?”

“Ngoja kidogo. Bibi, samahani sana, utaniruhusu?” Alitoa mfukoni kalamu ya brashi, maana yeye ni mtu wa kutembea na kalamu ya brashi, akaandika chini ya picha, kwenye nafasi nyeupe niliyoacha kwa kutojua niweke nini:

Nimeshavaa. Fungeni zahanati.

Bibi Tokiwa alisoma. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika chuma cha ngazi, akakohoa, akafuta macho kwa mkono wa nguo.

“Hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe! Andika kwenye yote. Onizuka, mbona umesimama kama nguzo? Mshikie mwenzio mkate.”

Nikazunguka mtaa mzima nimeshika mkate wa Kuwahara. Hata mwandiko wake ni mzuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye rafu za viatu mlangoni. Afisa wa mji aliketi akitazamana na bango. Akasoma. Akamtazama Bibi Tokiwa, aliyekaa mstari wa mbele na kimono kilekile, safari hii kimefungwa kama cha walio hai. Bibi akamwinamia kwa adabu. Afisa akakosa mahali pa kuweka macho. Alikuja na maelezo marefu, akayasoma nusu, akasema zahanati haitafungwa mwaka huu, na kwamba suala litaangaliwa upya. Watu wakapiga makofi mpaka sakafu ikatetemeka.

“Wazo hili la bango ni la nani?” mtu akapaza sauti.

Kuwahara akasimama. “Ni la Bwana Onizuka. Mimi niliongeza mstari mmoja tu.”

Makofi yakanigeukia. Yote. Nayajua makofi, nimeyasubiri mengi ambayo hayakuja. Lakini haya nilikuwa napewa na Kuwahara mkononi, kama sadaka.

“Mwongo!” nikapiga kelele. “Nilikosea! Niligeuza picha bila kuangalia kola!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani natania. “Onizuka leo ana unyenyekevu!” mtu akasema, na Bibi Tokiwa, anayejua ukweli wote, alicheka kuliko wengine.

Bi Sonoda alinipigapiga begani. “Bango ni zuri, na ahadi ni ahadi. Kuanzia leo picha zote ni zako, Onizuka. Hakuna atakayekuingilia.” Kisha akamgeukia mwenzangu. “Na maneno yatakuwa ya Kuwahara.”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeahidi kutonung’unika.

Jumatatu simu ikalia.

“Bwana Onizuka, kuna mstari nimeuandika usiku. Nitafutie picha ya kuendana nao.”

“Usome.”

Akausoma. Ulikuwa mzuri, mshenzi yule. Nikamwambia arudie polepole, nikawasha kompyuta.