Kiti cha Jikoni

Mhasibu alifika mapema kwenye chumba cha mikutano, akakuta kila kitu kiko tayari: maji mezani, feni inazunguka, na kile kiti cha mbao mahali pake, katikati ya viti vya ngozi, kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shambani. Alikitazama akatamani kingekuwa kimesahauliwa stoo.

Kiti hicho kilitoka jikoni kwa Mama Kiti mwenyewe, na ndicho kilichompa jina. Enzi hizo alikuwa mchumi wizarani, mwenye kichwa ambacho watu walikiogopa. Ukimpelekea bajeti yenye kosa, analiona kabla hujakaa. Alipofanywa katibu mkuu hakuanza na mapazia wala gari jipya. Alileta kiti. Akawaambia wakurugenzi kwamba kuanzia siku ile jambo la mtu halitaamuliwa mwenyewe hayupo. Ikijadiliwa zahanati, mgonjwa wa zahanati hiyo akae pale. Walicheka, kisha wakanuna, kisha wakazoea. Siku moja hata waziri alingojeshwa, anatazama saa na kukohoa, hadi alipoletwa mama mjamzito kutoka kwenye zahanati waliyotaka kuifunga. Haikufungwa. Mama Kiti naye hakupandishwa cheo tena, na ukimuuliza anasema alikwishachoka kupanda, magoti yanamuuma.

Alipostaafu, wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alichangisha watu akajenga nyumba ya kulala ndugu wa wagonjwa, ukuta kwa ukuta na hospitali kuu, kwa sababu miaka yote ya kazi alikuwa akiruka miguu ya watu waliolala kwenye korido za hospitali ile. Akawa mkurugenzi wake, na kile kiti akakihamishia huko. Mhasibu aliacha wizara akamfuata huko, mkewe akimuuliza kama amerogwa. Hakuwa amerogwa. Alimpenda tu yule mama, kama unavyompenda mtu aliyekufundisha kazi bila kukudharau.

Na sasa Mama Kiti alikuwa anasahau. Mwanzoni ilikuwa miwani na majina, mambo ambayo kila mtu husahau. Kisha akawahutubia wageni hotuba ileile mara mbili, asubuhi moja, na wageni kwa adabu zao wakapiga makofi mara mbili. Kisha yakaja magodoro. Aliagiza magodoro mapya ya nyumba nzima, akasahau, akaagiza tena, na juma lile ukumbi ulijaa hadi darini, wapishi wakawa wanapita ubavu kwenda jikoni. Watu walicheka mchana kutwa. Mhasibu hakucheka, maana alimwona Mama amesimama mbele ya shehena ile, ameweka kiganja juu ya godoro moja, hajui limetoka wapi.

Binti wa Mama ndiye aliyempigia Mhasibu simu. Aliomba bodi ya nyumba ikae kimyakimya, itafute mkurugenzi mwingine, halafu Mama aandaliwe sherehe nzuri ya kuagwa na kuambiwa kwamba ni umri tu. Asifedheheshwe. Daktari mstaafu aliyekuwa kwenye bodi alikubali, mwanasheria naye akakubali, na Mhasibu akakubali kuliko wote. Wakachagua siku ambayo Mama angekuwa kliniki ya macho. Waliona wanamheshimu. Na kweli walimheshimu, ila heshima nayo ikizidi hufanya mambo ya wezi.

Basi wakaketi. Mwanasheria akamwomba Mhasibu afungue kikao. Mhasibu akafungua kinywa, macho yakaangukia kiti cha mbao, akakifumba. Hakuwahi kufungua kikao kiti kile kikiwa kitupu.

Daktari, kwa upole, akasema kwa leo wakiweke kando, akainuka kukisogeza.

"Kiache, Daktari," Mhasibu akasema.

"Unataka aje ayasikie haya kwa masikio yake? Atavunjika moyo."

"Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Waziri alingoja. Na sisi tutangoja."

Akatoka kwa miguu hadi hospitali ya jirani. Alimkuta Mama kwenye benchi la kliniki, zamu yake haijafika, anamfundisha jirani yake namna ya kukunja kanga iwe mto. Waliporudi alimweleza yote njiani: simu ya binti, kikao, siku waliyoichagua makusudi. Hakuruka hata magodoro. Mama Kiti alitembea hadi getini, uso umemkunjamana, na Mhasibu akajua amemkasirisha kama hajawahi kumkasirisha.

"Kiti mmekiacha mahali pake?" ndilo swali lake pekee.

"Kipo, Mama."

"Haya, twende."

Aliingia, akaupita mwisho wa meza alikozoea kukaa, akaketi kwenye kiti cha mbao na kupakata mkoba wake, kama walivyopakata yao wote waliowahi kukaa pale. Hakuna aliyekohoa. Ilibidi Mhasibu amuulize maswali ambayo yeye Mama ndiye huwauliza wengine.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka nyumba hii isife kwa sababu yangu. Leo ni magodoro. Kesho nitampa mtu kitanda cha mwenzake, na huyo mwenzake atalala nje."

"Na unaogopa nini?"

"Naogopa mtakuwa mnanichekea usoni, kisha mnakutana chumba cha pili. Kusahau nimekubali, wanangu. Kufichwa sijakubali."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Siku ileile Mhasibu akawa mkurugenzi, kwa kauli ya Mama. Mama mwenyewe aliomba kazi ya mlangoni, akasema kumkaribisha mtu hakutaki kukumbuka jana. Na kazi hiyo aliiweza kuliko wote waliomtangulia. Watu walifika wamechoka, na mabegi na hofu zao, naye akawashika mkono, akawaketisha kando yake na kuwauliza wanataka nini na wanaogopa nini. Wengine aliwakaribisha mara tatu kwa siku, na hajatokea aliyelalamika kwamba amekaribishwa mno.

Asubuhi moja Mhasibu aliingia kazini kama kawaida. Mama Kiti aliinuka, akampokea begi, akamshika mkono.

"Karibu, mwanangu. Umetoka mbali?"

Mhasibu alidhani anataniwa, akacheka. Kisha akayaona macho yake, mapole, ya mtu anayempokea mgeni. Cheko likamkauka. Angeweza kuitikia tu na kupita zake, na Mama asingejua lolote. Wazo hilo lilimjia, tena lilimjia likiwa limevaa heshima.

"Unaogopa nini?" Mama akamuuliza.

"Naogopa umenisahau, Mama."

Alimtazama kwa muda mrefu, anatafuta.

"Kweli, nimekusahau," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Ahsante kwa kutonificha. Sasa kaa hapa, unieleze wewe ni nani wangu."

Mhasibu akakaa, akaanza kumweleza, kuanzia siku kiti kilipoletwa.