Sauti Nyuma ya Pazia

...wala si upepo, upepo haumwiti mtu kwa jina lake, na hiki alichokisikia kilisema Tunu, kikasema maji, kwa ule uchovu wa mtu ambaye midomo imemkauka hadi inashikana, Tupokigwe akarudisha rekodi nyuma, akazibana hedfoni masikioni kwa viganja vyote viwili, labda jirani, kule Gongo la Mboto nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na jirani naye hushikwa na kiu, na jirani naye anaweza kumwita Tunu... akabonyeza, ikaanza kuja sauti yake mwenyewe, ile sauti ya chuoni anayoivaaga akiwa kwenye mahojiano, "Dada Tunu, mama alipofariki, kazi ya kuuguza uliiachaje?" halafu kimya, feni, kuku wa mtu huko nje, halafu hapo, karibu na kinasa sauti kuliko hata Tunu alivyokuwa, "Tunu... maji," na Tunu akajibu bila kushtuka, "Subiri kidogo mama, nakuja."

Siku ile alidhani anaambiwa yeye. Dar hii nani haitwi mama, konda anakuita mama, muuza nyanya anakuita mama, kwa hiyo akasubiri, akatabasamu hata, akamwona Tunu anachota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha plastiki na kupita nacho nyuma ya pazia, akajisemea ah, watu wa pwani hawa, mgeni kwao hakai na kiu, na Tunu aliporudi kikombe kilikuwa kitupu, akakifunika juu ya ndoo, akakaa, na yeye hakuuliza, mwanafunzi wa uzamili wa uuguzi, mtu wa kuuliza kwa nini, aliinamia karatasi yake akasoma swali lililofuata... na nyuma ya pazia hakukuwa na mtu, hilo analijua, Tunu mwenyewe alimwonyesha kabla hawajaanza, "Hapa ndipo alipokuwa analala marehemu," kitanda kimesimamishwa ukutani, godoro limeshatolewa sadaka, sakafu imepigwa deki, na dirisha la chumba kile limezibwa kwa tofali, na Tunu anaishi peke yake.

Nje mlangoni Elibariki anasema kitu, samaki, au samaki na ndimu, ndiyo mume wangu, nakuja, lakini mdomo haukufunguka, vumbi la saruji la kiwanda cha Wazo limekaa tena juu ya meza, kila Jumamosi analifuta na kila Jumamosi limerudi, na Daktari Herieth, msimamizi wake, anataka mahojiano haya yakiwa yamenukuliwa yote, "Andika kila unachosikia, Tupo, hata kikohozi, hata kimya, sie hatuchagui," sawa, na hili nalo niliandike, nilipeleke mbele ya jopo, waseme kisomo kimempanda kichwani au waseme amebuni, au nilifute, na nikilifuta hiyo tasnifu itakuwa ya nani... mlango ukafunguka, Elibariki na taulo begani, "We mwanamke, nimekuita mpaka basi," na kabla hajawaza alikuwa ameshavua hedfoni na kumvalisha, "Sikiliza tu," akisikia ni balaa, asiposikia ni balaa yangu peke yangu, akamtazama usoni, uso haukubadilika, kichwa kikaitikia kidogo kidogo kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akazivua. "Maskini. Bibi wa watu anaumwa huyo. Kifua kimembana." Akatoka. Akarudisha kichwa mlangoni, "Si ulisema unahoji ambao wagonjwa wao walishafariki?"

Akazivaa tena hedfoni. Basi yupo, si masikio yangu, yupo, amesikika hadi kwa mtu anayewaza samaki... mikono ikataka kufunga laptopu, kidole kikaenda kwenye kitufe kingine, mbele, aendelee mbele kidogo, amalize, na sauti yake ya chuoni ikaja tena, safi, haina habari, "Na ulijuaje kwamba mgonjwa ana maumivu?" Tunu akavuta pumzi kujibu, na yule mwingine akatangulia, taratibu, bila hasira, "Mbona mie haniulizi?" na Tunu kwa sauti ya chini, ile aliyodhani siku ile ni ya mtu anayejirudia swali ili alielewe, "Anauliza wanaouguza, mama."

Anauliza wanaouguza. Ndivyo ilivyoandikwa hata kwenye jalada la tasnifu, uzoefu wa wanaouguza, na jopo zima lilitikisa kichwa kukubali, na hakuna aliyesema jamani, na mwenye mwili... akamwona akilini mzee Leonardi wa wodini kwake, kitanda cha dirishani, macho yanamfuata kila anapopita na faili, na yeye Tupokigwe anamuuliza binti wa mzee, "Anakula? Usiku alilala? Anasikia maumivu?" maneno yanapita juu ya yule mzee kama watu wanaopeana sahani juu ya meza, na mzee anafungua mdomo, na binti anajibu, na yeye anaandika, na mzee anaufunga, alitaka kusema nini mzee Leonardi, alikufa nacho, ameenda nacho wapi... na hofu ikafanya kitu ambacho hakukitegemea, haikuondoka, ila ilikaa chini, ikawa kama ile ya mwanafunzi mgeni siku ya kwanza kushika mkono wa mtu mahututi, unaogopa na huuachii.

"Tupo! Kinapoa!"

"Nakuja," akasema, na safari hii sauti ilitoka, ila hakunyanyuka. Rekodi ilikuwa imesimama. Akashuka mstari mpya, hapo huandika Mtafiti, hapo huandika Mshiriki, kishale kinawaka kinazima kinasubiri jina, vidole vikaandika Mgonjwa, nukta mbili, vikasita, kisha akazibana tena masikioni zile hedfoni ambazo hazikuwa zikicheza kitu, zikamletea ule mvumo mdogo wa mahali palipo wazi, akakaa vizuri kwenye kiti, akaivua ile sauti ya chuoni kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa watu.

"Shikamoo, mama," akasema, chini chini, kisha akanyamaza, kimya cha mtu anayempisha mwenzake aseme.