Choroko Chini ya Kitanda

Machano alikuwa fundi cherehani, na kazi ya fundi cherehani ni kukaa. Alikaa tangu asubuhi mpaka alasiri kwenye baraza moja ya Mkunazini, akishona makanzu na sare za skuli, na kukaa huko ndiko kulikomletea ugonjwa ambao hata jina lake hakuthubutu kulitaja. Ikafika siku akaipandisha cherehani yake ya mkono juu ya sanduku, akawa anashona kasimama. Wateja walipomcheka aliwaambia ananyoosha mgongo.

Mwisho alikwenda Darajani kwa mzee mmoja wa Kihindi, muuza mitishamba. Alisubiri duka liwe tupu, ndipo akanong'ona shida yake.

"Tumbo lako limekuwa gumu," mzee alimwambia. "Kwa muda usile kitu kilichopita motoni. Nyama, samaki, maziwa, samli, vyote wacha. Kula matunda, matango, karoti, nazi, tende. Na choroko uziroweke, uzifunge kwenye kitambaa kibichi mahali penye giza, zikiota uzile hivyo hivyo."

Sasa mtu mwenye akili zake angefika nyumbani akamweleza mkewe. Machano alifika, akamtazama Kidawa anakuna nazi, akaona haya, akasema, "Kuanzia leo usinipikie."

Basi, hivyo tu. Jamani, mke wa watu kakaa jikoni na upawa mkononi, unamwambia usinipikie, kisha unajikatia tango! Kidawa aliuliza kakosa nini, akajibiwa hakukosa kitu. Akapika mchuzi wa papa, aliojua mumewe hawezi kuukataa. Machano akatoka na mate mdomoni, akaenda kukaa kiupande barazani kutafuna karoti mbichi.

Bi Mize, jirani wa dirisha la pili, alimwona. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari: Machano kagundua kitu chunguni. Mwanamme gani atatafuna karoti kama sungura na mkewe kapika? Kidawa alikuwa akimtilia dawa chakulani, na sasa kajulikana.

Maneno hayo yalimfikia Machano kazini. Mteja mmoja alimwinamia akamuuliza polepole kama ni kweli. Neno moja tu lingetosha kuyakata. Machano aliinamisha kichwa, akajitia anatunga uzi kwenye sindano. Alijua anafanya vibaya, uso ukamwaka moto, na bado hakusema.

Kidawa naye alivumilia mpaka siku aliyofagia chini ya kitanda. Ufagio ulitoka na fundo la kitambaa kilichorowa maji. Alilifungua: choroko tele, kila moja imetoa mkia mweupe.

"Wanasema mimi nnaroga," alipiga ukelele, "kumbe mrogaji nnalala naye!"

Alifunga nguo zake akaenda kwao Bwejuu.

Ijumaa Machano alimfuata. Ndani ya gari la shamba alisimama njia nzima, na viti vitupu vilikuwapo. Baba mkwe, Mzee Mcha, alimtandikia mkeka.

"Kaa, mkwe wangu."

"Nitasimama tu, baba. Sijachoka."

Bi Mashavu, mama mkwe, aliweka sinia na kufunua kawa. Wali wa nazi na pweza, moshi unafuka. Machano hakunyoosha mkono.

"Kumbe kweli," Bi Mashavu alisema. "Hata changu hali. Hata kukaa kwangu hataki. Kidawa kajifunza kupika kwangu mimi, basi kama kuna mchawi humu, ndiye mimi."

"Rudi mjini, Machano," Kidawa alisema kutoka mlangoni. "Kaniandikie talaka yangu."

Aliona kweli anampoteza.

"Si chakula," alisema. "Nnaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Nna bawasiri!" Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Siwezi kukaa. Nimekatazwa vya kupikwa. Zile choroko nnazila mimi, ndiyo dawa yenyewe. Kidawa hana kosa."

Mzee Mcha alikohoa akatazama vidole vya miguu yake. Bi Mashavu alivuta kanga akaziba mdomo. Kulitaja jambo lile mbele ya mama mkwe! Machano alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kidawa peke yake hakuondoa macho.

"Bi Mize aliposema nnakutilia dawa, ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa nnajua."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya, Kidawa."

"Ukaona afadhali niione mimi."

Haya ya ugonjwa ilikwisha kumtoka pamoja na lile neno. Hii nyengine ndiyo iliyobaki, na hii hakuona pa kuipeleka.

Bi Mashavu alikuwa keshatoka uani, anamwita jirani yake juu ya ua. "Mwanakheir! Ee Mwanakheir! Una papai bivu? Nipatie, mkwe wangu ana bawasiri!"

Nyumba ya tatu mtu alicheka. Machano alimtazama mkewe amwombee mama anyamaze.

"Mwache aite," Kidawa alisema. "Na wewe kesho utamwambia Bi Mize, dirishani kwake, kwa sauti kama hiyo."

"Naam," alisema Machano.

Kidawa akaingia jikoni kutafuta kisu cha kumenyea papai.