Nafasi Moja ya Jumanne

Mama yangu hajui kujisifu, na mwaka ule tabia hiyo nusura imuue.

Mimi ni karani wa kitengo cha figo. Mashine za kusafisha damu tunazo tatu tu na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo kamati ilitunga fomu: umri una alama zake, moyo una alama zake, na kazi alama ishirini. Mwenye alama nyingi anaingia. Asiyefikisha anarudi nyumbani, na sote tunajua anarudi kufanya nini. Fomu hizo nilizijaza miaka miwili na usiku nikalala fofofo. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Figo za mama zilipogoma ndipo nikaogopa. Nafasi ilikuwa imebaki moja, ya kila Jumanne na Ijumaa, na walioisubiri walikuwa kumi na mmoja. Sikuruhusiwa kumhoji mzazi wangu. Angehojiwa na mwenzangu wa dirisha la pili. Wiki nzima nikamfundisha mama la kusema. "Ukiulizwa kazi, sema unalea wajukuu wanne waliofiwa na mama yao. Sema unamwogesha mjomba aliyepooza."

"Sawa mwanangu, nimesikia."

Amesikia wapi. Siku ilipofika nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Unafanya kazi gani, mama?" mwenzangu aliuliza.

"Kazi sina, mwanangu. Nipo tu nyumbani."

"Na hapo nyumbani unafanya nini?"

"Aa, hamna cha maana. Vijishughuli tu."

Nikajua kinachoandikwa. *Hana kazi*, sifuri katika ishirini. Maneno hayo mimi mwenyewe nimewaandikia watu mpaka mkono ukazoea.

"Mama, unataka kufa?" nilimwambia alipotoka. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Sasa nijitangaze kwa watu kwamba napika? Nani asiyepika? Kizuri chajiuza."

"Hapa hakijiuzi, mama. Hapa kinaandikwa."

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu. Nikamwambia fomu yetu ina kasoro: yaya anayelea watoto wa watu kwa mshahara anapata alama zote, na bibi anayelea wajukuu zake bure anapata sifuri. Kwani kazi ni jasho, au ni mshahara?

Daktari akasema, "Swali zuri. Mbona mwaka jana hukuliuliza?"

Nilimkumbuka bibi mmoja niliyemwandikia *hana kazi*, ambaye mwanawe alirudi baada ya siku tisa kufuata karatasi za mazishi. Mtu mzima nikajikuta nalia ofisini kwa bosi.

"Basi tutawahoji upya wote," daktari alisema. "Kila anayetegemea mikono ya mgonjwa ahesabiwe alama nne, mwisho ishirini. Mama yako nitamhoji mimi. Wengine kumi ni wako. Ila ujue, hata fomu iwe nzuri vipi, mashine ni zile zile tatu."

Daktari hakumwacha mama mpaka akasema yote. Mama akatoka na jumla ya alama sitini na tatu. Nikashusha pumzi, nikaanza kuwaita wangu.

Hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia. Nilimwuliza kila mmoja, "Ukiamka asubuhi unaanza na nini?" na watu walioanza kwa kusema hawana kazi wakaongea nusu saa nzima. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Sitini. Nikaanza kuwaombea watu uvivu, Mungu anisamehe. Mzee mmoja aliposema yeye hulala hadi mchana, nilitamani kumkumbatia.

Wa kumi alikuwa mama mwembamba, rika la mama yangu. Alisema anamhudumia mumewe kipofu na wajukuu wawili wanaosoma sekondari. Nikajumlisha, nikapata sitini na moja. Nikajumlisha tena, ikawa ile ile.

Lilibaki swali la mwisho, ambalo wale tisa wote nilikuwa nimewauliza: yupo mwingine anayekutegemea? Mkoba wake ulikuwa wazi mapajani, na ndani yake niliona kadi ya kliniki, ile wanayopewa watoto wachanga. Mtoto mmoja ni alama nne, na sitini na moja ukiongeza nne ni sitini na tano.

Yule mama alingoja niendelee. Nilisikia mashine ya kusafisha damu ikinguruma chumba cha pili.

"Inatosha, mama," nikasema, nikafunga fomu.

Akainuka taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana, mwanangu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza mambo haya."