Neno Moja kwa Hakimu

Tabitha Raistrick, mfuma sufu mjane, alitembea maili tisa kwenye tope la Yorkshire kwenda kumshitaki msimamizi wa shamba la bwana mkubwa. Msimamizi huyo, Crosthwaite, alikuwa amemvunja mkono Enoki, kaka yake, kwa rungu, eti kondoo wa Enoki wamevuka mpaka.

Hakimu, Lancelot Garth, aliketi kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni.

"Wewe mwanamke, una shida gani?"

"Nimekuja unipe haki, Lancelot Garth. Wewe unamjua Crosthwaite…"

Watu wote ukumbini wakageuka kumtazama. Katika Kiingereza cha siku zile, "wewe" ilikuwa ya mtoto, mtumishi na mbwa. Mkubwa aliambiwa "ninyi", kana kwamba peke yake alikuwa kundi zima. Lakini Tabitha alikuwa muumini wa dhehebu la Kikristo lililoitwa Marafiki, na kwao mtu mmoja ni mtu mmoja, awe amevaa hariri au gunia.

Hakimu akawa mwekundu mpaka masikioni. "Umeniitaje?"

"Kama ulivyoniita."

Karani akamwinamia na kumnong'oneza, "Mama, sema 'ninyi' mara moja tu, yaishe. Ulimi hauna mfupa."

"Mkono wa kaka yangu ulikuwa nao, na umevunjwa! Mbona hilo hakuna anayeliuliza?" Tabitha akamgeukia hakimu. "Asubuhi hii umesali hapa mbele ya watu. Mungu umemwambia 'Wewe'. Je, wewe ni mkubwa kuliko yeye?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Tabitha. Miezi mitatu gerezani, kwa kumvunjia hakimu heshima. Crosthwaite, aliyekuwa ameegemea mlango, alimwinulia kofia alipopitishwa. Rungu halikutajwa hata mara moja.

Gerezani Tabitha alilala juu ya majani yaliyooza, akakohoa, akahesabu Jumapili. Kila akimkumbuka Enoki akijaribu kufunga kamba kwa meno, hasira ilimpa joto kuliko blanketi.

Siku aliyofunguliwa hakwenda kwake. Alikwenda kwa Garth, akabisha.

"Kifungo chako nimekimaliza. Sasa sikiliza shauri langu."

Mlango ukafungwa. Akakaa kizingitini. Kesho yake wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza, naye akawaeleza wote, kwa sauti ya kufika dirishani. Siku ya tatu Garth akatoka na kanzu yake ya kulalia.

"Haya, sema, mwanamke! Sema uondoke."

"Wewe kaa chini kwanza," Tabitha akamwambia, "maana maneno yenyewe ni marefu."

Garth akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Crosthwaite akaamriwa alime shamba lote la Enoki kwa ng'ombe wake mwenyewe, msimu huo na uliofuata. Mkono wa Enoki haukunyooka tena, na Tabitha hakumshukuru hakimu.