Nukta za Foleni ya Moyo

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, mama mmoja aliyekuwa na vali mbovu ya moyo alikaa kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria, akitelezesha kidole gumba juu ya simu. Kila akitelezesha, kadi moja ya kijivu iliondoka na nyingine ikaja. Kila kadi ilikuwa mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Haikuwa na jina, ila neno moja tu: Anasubiri. Alipofika kadi ya saba au ya nane alipoteza hesabu, akaanza upya.

"Mwanangu," alimwambia binti yake aliyepita na kikombe cha chai, "hiki kitabu chako hakina mwisho?"

Binti huyo ndiye aliyetengeneza programu ile. Hospitali nzima, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, walimwita Fundi. Meza yake ilikuwa nyuma ya kioo, hatua kumi kutoka kwenye benchi. Alijua kwamba mama yake amesema kweli: mtu alitelezesha kadi bila kujua yuko wapi wala zimebaki ngapi. Alirudi mezani, akalishughulikia tatizo, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameongeza mstari wa nukta chini ya kadi. Nukta moja kwa kila mgonjwa, zote hafifu, na ya mwenye simu imekolea. Idadi yake haikuandikwa na mtu. Programu ilihesabu kadi zenyewe.

Mkurugenzi alizitazama kwenye simu yake. "Nzuri," alisema. "Ila zingekuwa ndogo kidogo."

Zilikuwa ishirini na tatu. Mama yake Fundi alikuwa wa kumi na tisa.

Jumanne asubuhi nukta zilikuwa ukutani. Zilijipanga mbele ya benchi, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati. Kila mgonjwa aliyezitazama aliona yake imekolea na za wenzake zimefifia. Mfagizi alizisugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya madoa. Hazikutoka, akaanza kufuta vumbi katikati yake kama anavyofuta kwenye swichi za umeme. Mchana alikuja mpaka rangi. Alipaka tabaka moja la rangi, akanywa maji, na alipogeuka nukta zilikuwa juu ya rangi mbichi. Alikunja ngazi yake akaondoka.

Wagonjwa wa moyo walifika pale kila asubuhi. Daktari bingwa alikuwa mmoja, akipasua mtu mmoja kila Ijumaa, na kanuni ilisema asiyeonekana kwenye kipimo cha presha anarudishwa mwisho wa foleni. Kwa hiyo walikuja, wenye kuvimba miguu na wenye midomo ya buluu, wakakaa kwa kufuata nukta zao. Mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa wa tatu, alikaa wa tatu. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa wa sita, alikaa wa sita na gazeti lake. Ilirahisisha mambo.

Jumatano, saa nne kasoro, ulisikika mlio mdogo ukutani, kama kifungo kinachobanwa. Nukta mpya ilijipenyeza kati ya ya kwanza na ya pili. Zilizobaki zikasogea kulia, na watu kwenye benchi nao wakasogea, kila mmoja nusu tako, hadi wa mwisho akabaki amesimama. Nafasi ya pili kwenye benchi ilibaki wazi. Hakuna aliyekuja kuikalia.

Alhamisi mlio ulisikika tena.

Mwalimu alikunja gazeti. Aligonga kioo cha Fundi kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala.

"Binti yangu, Jumatatu nilikuwa wa sita. Leo wa nane. Na hakuna aliyeingia kwa mlango ule ambaye sikumwona. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nielekeze nilipokosea."

"Hujakosea, Mwalimu."

"Hilo ndilo nililoliogopa," alisema, akarudi kwenye nafasi yake.

Fundi alifungua orodha. Kadi mbili zilikuwa zimepachikwa kwa nenosiri la mkurugenzi. Kwa maelezo aliyoyaandika pembeni, moja ilikuwa ya baba mkwe wa mtu mkubwa. Nyingine ilikuwa ya mtu mkubwa mwenyewe. Alitazama nyuma, miezi, kisha mwaka. Foleni ilikuwa ikipachikwa tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa hakukuwa na nukta, watu walikuwa wakitelezesha tu.

Alipanda kwa mkurugenzi. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, lakini mkurugenzi alimtangulia.

"Ziondoe zile nukta."

"Kwenye simu naweza. Ukutani si mimi niliyeziweka."

"Basi za simu ziondoe, za ukutani tuziache." Mkurugenzi alimwonyesha kiti. Hakuwa mkali. "Mama yako ni wa ngapi?"

"Alikuwa wa kumi na tisa. Leo ni wa ishirini na moja."

"Wiki ishirini na moja. Daktari amesemaje?"

Daktari alikuwa amesema miezi mitatu, na hiyo ni kama atatulia. Asubuhi ile mama yake alikuwa amesimama mara tatu kwenye ngazi za hospitali, ngazi kumi na mbili tu, ameshika ukuta, akijifanya anatafuta leso kwenye pochi.

Mkurugenzi aligeuza kompyuta ikamtazama Fundi. Orodha ilikuwa wazi. "Nafasi ya tatu ipo. Fanya mwenyewe," alisema. "Mimi macho yananisumbua."

Nje dirishani gari la wagonjwa lilikuwa likirudi kinyumenyume. Fundi alilisikiliza mpaka likazimwa. Alijiambia kwamba akikataa, nafasi ya tatu hatapewa Mwalimu, atapewa baba mkwe mwingine. Ilikuwa kweli. Aliishika kadi ya mama yake kwa kidole, akaivuta kupita kadi kumi na nane, akaiachia.

Aliposhuka, ukumbi mzima ulikuwa umeinua vichwa. Nukta ya ishirini na moja ilikuwa imetoka kwenye mstari na inapanda. Ilipita juu ya nyingine polepole, ikielekea kushoto, na watu waliifuata kwa macho. Ilisimama njiani mara tatu, kama inatafuta pumzi. Ilipofika ya tatu ilishuka, ukasikika ule mlio, na watu kumi na wanane wakasogea nusu tako.

Mwalimu alikuwa sasa wa tisa. Hakugeuka kumtazama Fundi, na Fundi aliona afadhali angegeuka.

"Ni yangu," alisema mama yake, mwisho wa benchi. Hakuna aliyemuuliza.

Alisimama. Alipita mbele ya magoti ya watu wote, pochi ameikumbatia kifuani, akisema "Samahani, samahani, baba, samahani." Mshonaji aliinuka akampangusia nafasi kwa kanga yake.

"Kaa, mama. Moyo huo si wa kusimamishwa."

"Sikuomba mimi."

"Najua. Ningekuwa na mtoto mle ndani, ningeomba."

Mama alifanyiwa upasuaji Ijumaa ya tatu, na ukafanikiwa. Wiki mbili baadaye alikuwa akikoroga sufuria kwa mkono mmoja. Siku hiyo alimuuliza binti yake, bila kuacha kukoroga:

"Uliniweka mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Majina yao?"

"Kadi hazina majina, mama."

Mama alifunika sufuria. "Basi ndiyo maana ikawa rahisi," alisema, na hakuuliza tena.

Mwalimu alifariki Jumatano ya wiki ya saba, nyumbani, akivaa soksi. Kwa hesabu ya Jumatatu ile ya kwanza, angekuwa ameshapasuliwa Ijumaa iliyotangulia. Msajili alifuta kadi yake. Nukta yake haikufutika ukutani. Ilibaki mduara mtupu, na ilisogea na foleni kama nyingine. Baada ya mazishi mkewe alianza kuja kila asubuhi kukalia nafasi ile, kwa sababu ilikuwapo. Alinyoosha mkono apimwe presha, na muuguzi akampima.

Mlio ulisikika mara moja zaidi, kwa hiyo zamu ya mduara ilifika Ijumaa ya kumi. Muuguzi, ambaye siku hizi aliita kwa kutazama ukuta, alimwita. Mjane alisimama, akanyoosha nguo, akatembea hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari alitoka, glovu mkononi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alichelewa," alisema mjane.

Daktari alimpa pole. Mjane alimshukuru, akashuka ngazi, na hakurudi tena. Mduara ukatoweka, na muuguzi akaita anayefuata.

Fundi aliona yote kupitia kioo. Jumatatu iliyofuata alipata barua kutoka kwa mkurugenzi. Ilisema kwamba malalamiko ya foleni yamepungua kwa zaidi ya nusu, kwamba inaonekana mtu akijua yuko wapi anatulia, na kwamba nukta zirudishwe kwenye simu, tena ziongezwe kwenye orodha za figo, macho na uzazi.

Aliisoma mara mbili. Kisha alifungua kazi yake, akazirudisha. Alizifanya ndogo kidogo, kama alivyoagizwa. Alipokuwa akiandika, mlio ulisikika upande wa pili wa kioo. Kwenye benchi watu walisogea nusu tako bila kunyanyua vichwa, na kijana wa mwisho, mgeni wa siku hiyo, aliyesukumwa hadi nje ya mlango, akauliza kama huko kuna mahali pa kusimama penye kivuli.